Camilla na Keki ya Mama Yangu

Asante ya punda ni mateke, na mimi yangu niliipata kwenye jarida la kanisa, ukurasa wa nne, chini ya tangazo la kwaya.

"Parkin ya Bibi Yangu," kiliandikwa kichwa, yaani ile keki yetu ya tangawizi. Na Camilla Prentice.

Bibi yake! Nilisoma nimesimama jikoni, birika likachemka mpaka likajizima lenyewe. Unga wa oti vikombe viwili, tangawizi vijiko vitatu, asali nyeusi ya miwa, na maziwa "ya kulegeza tu, si ya kuogelea." Hayo maneno ya kuogelea ni ya mama yangu, Elsie Sugden, aliyelala miaka tisa sasa nyuma ya kanisa hilo hilo. Mwizi hakujisumbua hata kubadilisha neno moja.

Na daftari la mapishi la Mama nilimpa mwenyewe, mjinga mimi.

Kila Jumapili, tangu majani yaanze kudondoka mpaka Machi, rafiki zangu wawili huja kwangu jioni. Brenda Hirst ni mwalimu mstaafu, na Mavis Ogden ndiye mhariri wa hilo jarida. Tunakula keki, tunatazama filamu ya enzi zile za magari ya farasi, mabibi wa magauni marefu wakiwalilia wanaume wasioweza kusema wanachotaka. Ikiisha tunazima televisheni, na Brenda anatusomea kitabu mbele ya moto. Mwaka wa kumi na moja huu. Miwili ya kwanza Mama alikuwa nasi, akiwatukana wale wanaume mpaka tukawa hatusikii filamu.

Camilla alitoka kusini akaja huku kwetu kaskazini, akanunua nyumba ya jirani. Nilimwona kwenye uzio, mpweke, hana wa kumwambia habari za asubuhi, nikamhurumia. Nikamkaribisha. Zamu yake ya kuoka ilipokaribia akasema hana analojua, nami nikamwazima daftari la Mama kwa usiku mmoja. Alilirudisha na maua.

"Noreen, hukutuambia Camilla ana damu ya huku!" Mavis alinidaka nje ya posta. "Eti bibi yake alikuwa wa Halifax, hapo tu jirani. Na Jumapili hii tunakwenda kwake, atatuokea hiyo parkin. Ana televisheni kubwa kama mlango!"

"Makubwa," nikasema.

Ningepiga kelele, ndiyo. Lakini angejibu nini? Kwamba bibi zetu wote walioka hivyo hivyo, na mimi nina wivu. Nikanunua stempu zangu nikarudi nyumbani. Usiku nililala nikiota nampaka asali nyeusi kichwani.

Jumapili asubuhi simu ikalia.

"Noreen, mpenzi, samahani. Keki imetoka kwenye oveni sasa hivi, lakini naona ngumu. Nimeonja pembeni, inaparuza koo. Ndivyo ilivyo?"

Hapo ndipo nilipomshika.

Mama hakuandika kila kitu. Kuna mambo huku kwetu hayaandikwi, kama vile hakuna anayeandika kwamba ndizi humenywa. Parkin hailiwi siku ya kuokwa. Inafungwa kwenye kopo la bati, inaachwa wiki nzima, ndipo inalainika na kunata na kuwa keki. Kabla ya hapo ni kipande cha mbao chenye tangawizi. Mtoto wa miaka mitano wa bonde hili anajua, kwa sababu amewahi kupigwa kofi mkono ukiwa ndani ya kopo.

"Ina harufu ya tangawizi?" nikamuuliza.

"Nyumba nzima!"

"Basi."

"Kwa hiyo naweza kuwaandalia leo?"

"Keki ya bibi yako hiyo, mwenzangu. Mimi niseme nini?"

Nilikata simu nikacheka peke yangu. Sikuona haya hata chembe.

Jioni tulikaa kwenye makochi yake meupe. Filamu ikaanza, bwana mmoja akashuka farasini kwenye mvua, na Camilla akapitisha sahani. Brenda akauma. Akaacha kutafuna. Akamtazama Mavis, na Mavis alikuwa ameshika shavu.

"Camilla," Brenda akasema, kwa ile sauti ya darasani, "umeioka lini hii?"

"Leo asubuhi! Mpya kabisa."

"Na bibi yako wa Halifax, naye alikuwa akiwapa siku hiyo hiyo?"

"Ya moto moto," akasema Camilla, mwanamke wa watu. "Tukitoka kanisani."

Njia ya mwongo ni fupi. Mavis aliweka sahani chini.

"Hakuna bibi wa Halifax aliyefanya hivyo," akasema. "Hayupo, hajazaliwa. Hii umeitoa wapi?"

Camilla akanigeukia, macho yamejaa maji. "Ulijua. Nilikupigia simu, ukajua, ukanyamaza!"

"Ungemuuliza bibi yako."

Chumba kizima kikajua keki ilikuwa ya nani. Alijifuta uso kwa mkono wa sweta. "Nilitaka tu niwe na kitu cha huku," akasema. "Ninyi nyote mna mtu wenu makaburini. Mimi sina."

Yaliniingia, siwezi kusema hayakuniingia. Lakini mtu wangu makaburini alikuwa na jina, na Camilla alikuwa amelifuta.

"Mwezi ujao nitasahihisha," Mavis akaniambia polepole.

"Mwezi ujao mbali," nikasema. Nikazima ile televisheni yake kubwa, nikachukua jarida lililokuwa mezani, nikafungua ukurasa wa nne na kumwekea mapajani. "Leo Brenda apumzike. Utatusomea wewe."

"Noreen, tafadhali..."

"Soma. Anza na kichwa, na usome jina lililo sahihi."

Alitazama mlango, lakini nyumba ilikuwa yake, angekwenda wapi?

"Parkin ya Elsie Sugden," akasema, chini chini.

"Hatusikii."

Nilimrudisha mara tatu. Mara ya tatu alikuwa analia kwa sauti, na mimi machozi yananitoka, lakini sikumwambia aache.