Mguu Kwenye Breki

Theoneste na mkewe Kemilembe walikuwa na gari moja, Land Cruiser kuukuu ya mkonga wa kuvutia hewa, na gari hilo ndilo lililowajulisha kwa watu. Kutoka Omurushaka hadi milima ya Kyerwa, mtu akitaka kufikisha mabati, mbolea au mgonjwa mahali ambapo magari mengine hugeuza, alielekezwa kwao. Theoneste alikuwa fundi. Kemilembe ndiye aliyeendesha. Abiria wageni walipomwona nyuma ya usukani walitazamana kwanza, kisha wakishapanda naye mlima mmoja hawakuuliza tena.

Mwezi wa kumi na moja, mvua zikiwa zimekolea, akaja Egbert. Alikuwa mfanyabiashara wa Bukoba, mtu mzima wa kuamkiwa shikamoo, mpole wa maneno, mwenye gari jipya linalovuta kwa magurudumu yote manne. Yeye na rafiki zake wa Mwanza walitaka wawe wanakuja kila likizo kupanda njia ya zamani ya wachimba bati, ile inayokatiza msitu juu ya mgongo wa mlima. Si kwamba walikuwa na safari huko. Raha yao ilikuwa hiyo njia mbaya yenyewe. Kabla ya kuwaleta wenzake alitaka aipite kwanza, akiwa na wenyeji wa kumwonyesha.

Theoneste alimwomba wasubiri siku tatu za jua. Egbert akasema nafasi yake ni Jumamosi tu. Ijumaa jioni, wakimenya ndizi, Kemilembe alimkumbusha mumewe kwamba waya wa breki ya mkono umekatika na kwamba gia ya chini inaruka yenyewe gari likivutwa na mzigo. Theoneste akasema atavishughulikia wakirudi. Walikuwa wamepanda milima miaka minane na gari lenye kasoro moja au mbili, na kila mara walirudi.

Jumamosi saa tatu asubuhi waliingia msituni, Kemilembe na mumewe mbele, Egbert nyuma peke yake. Njia ilikuwa mifereji miwili tu katikati ya magugu, udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni, upande mmoja mlima na upande mwingine bonde lenye miti. Penye mti ulioanguka Theoneste alishuka na panga. Penye maji alitangulia kwa miguu, suruali imekunjwa, akipima kina kwa fimbo. Egbert alikuwa akipiga picha kwa simu na kucheka peke yake kama mtoto. Kemilembe alimwona kwenye kioo na hakumchukia.

Walipofika karibu na kilele walikuta njia imeporomoka. Theoneste akasema basi, hapa tunarudi. Kemilembe aligeuza gari lake kwa taabu, mbele kidogo nyuma kidogo, akapita. Egbert naye alipogeuza, magurudumu ya mbele yalivuka ukingo. Gari likalala pua chini, tumbo limekaa kwenye udongo, nyuma imebaki njiani. Alitoka salama.

Jambo lenyewe halikuwa geni. Kemilembe alirudisha gari lake mpaka pua yake ikaitazama nyuma ya gari la Egbert, wakafunga mkanda wa kuvutia kati ya magari mawili, na Theoneste akateremka bondeni kuweka mawe na magogo chini ya magurudumu ya mbele. Alipaswa kupanda juu kwanza ndipo Kemilembe avute. Alikuwa amebakiza gogo moja. Ukingo ukakatika. Gari la Egbert likateleza kwa ubavu, likaburuta Land Cruiser hatua mbili mbele kabla Kemilembe hajakanyaga breki kwa nguvu zake zote, na kutoka chini ikatoka sauti ambayo hakuwahi kuisikia kwa mumewe.

Egbert alichungulia, akarudi uso umepauka. Theoneste alikuwa amebanwa mguu wa kushoto, kuanzia juu ya goti, kati ya gari na kisiki. Gari lilikuwa limesimama juu yake, na kilicholishikilia lisimmalize ni ule mkanda tu. Mkanda ulishikwa na Land Cruiser, na Land Cruiser ilishikwa na mguu wa kulia wa Kemilembe.

Alijaribu kurudisha nyuma. Magurudumu yakazunguka bure, gari likaserereka kwenda mbele kiasi cha upana wa kidole, na Theoneste akalia. Akatia gia ya chini, ikaruka. Egbert akaweka mawe mbele ya magurudumu, nayo yakazama kwenye tope. Mkanda wa pili hawakuwa nao. Mwisho Egbert alileta mpini wa panga, akaukaza kati ya pedali na kiti ili mama apumzishe mguu, akasema, jaribu polepole. Kemilembe alilegeza mguu kidogo sana. Mpini ukachomoka. Kilio cha chini kilikuwa kirefu, na kilipokwisha alikuwa amekanyaga tena kwa miguu yote miwili na jasho linamwingia machoni.

"Usijaribu kitu kingine," alimwambia Egbert. "Nenda ukaite watu."

Simu hazikushika mtandao. Kijiji cha karibu kilikuwa chini ya msitu, mwendo wa saa mbili kwa mtu aliyezoea, na Egbert hakuzoea. Alisimama kidogo kama anayetaka kuomba msamaha, kisha akaondoka akikimbia na kuteleza na viatu vyake vya mjini. Ilikuwa saa tano na nusu.

Kutoka pale alipokaa, Kemilembe aliona boneti yake, mkanda uliokazwa, na nyuma ya gari jipya lenye namba safi. Zaidi ya hapo ni majani. Mumewe alikuwa hatua kumi na tano kutoka kwake na hakuweza kumwona hata unywele. Injini aliiacha ikiunguruma, maana ikizimika pedali ingekuwa ngumu kama jiwe.

Mwanzoni walizungumza. Theoneste aliuliza kama Egbert ameondoka, akauliza saa, akasema mguu hausikii tena na labda ni heri. Kisha alinyamaza, na alipoanza tena alikuwa ameacha Kiswahili na kuingia Kinyambo cha nyumbani. Alimwita kwa jina. Tangu Gloriose wao azaliwe, miaka kumi na sita, alikuwa Mama Gloriose na si vingine.

"Kemilembe, ija."

Njoo. Alimjibu kwamba hawezi, akiinua mguu gari litashuka. Alisema kwa sauti kubwa, neno kwa neno. Akasikia tena, taratibu, kama mtu anayemwita mwenzake aje aone kitu uani: ija. Akamweleza tena. Akamwambia yuko hapa, hajaenda popote, watu wanakuja. Theoneste hakujibu maneno hayo. Aliita tu. Aliomba maji, na chupa ya maji ilikuwa kwenye kiti kando ya Kemilembe, imejaa. Akaomba amshike mkono. Kemilembe aliushika usukani, akalia bila kutoa sauti, maana aliogopa kwikwi ingemtikisa mguu.

Mvua ilikuja saa saba. Alisikia gari likisogea, kitu kidogo mno, labda halikusogea. Misuli ya paja ilianza kucheza yenyewe, ikakakamaa, kisha maumivu yakapanda hadi kiunoni. Alibadilisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine bila kuinua hata mmoja. Mkojo ulimtoka palepale alipokaa, ukampa joto kwa muda, kisha baridi. Kila baada ya kitambo alipiga honi, kwa ajili ya watu wa mbali na kwa ajili ya Theoneste, ajue kwamba bado yupo.

Karibu saa nane sauti ya chini ilikoma. Akamwita, hakuna. Akapiga honi, hakuna. Ila mvua kwenye majani na injini. Hapo ndipo mawazo yalipomwandama. Kama amekufa, basi anashikilia gari lisimwangukie maiti, na angeweza kushuka, akamfumba macho, akakaa naye. Kama amezimia tu, kushuka ni kumuua. Hakuwa na njia ya kujua. Angejua kwa kuinua mguu, na hilo tu. Alianza kusali rozari kwa vidole vya mkono mmoja, akapoteza hesabu, akaanza upya, akapoteza tena.

Saa kumi ilipopita kidogo watu walifika, kama ishirini, na kamba, majembe na nguzo. Mbele yao alikuwa mzee Evaristi, ambaye shamba lake la migomba ndilo la mwisho kabla ya msitu. Hawakumsemesha. Walifunga kamba tatu kwenye miti mikubwa, wengine wakateremka kuchimba chini ya kisiki. Aliwasikia wakipeana amri, wakinyamaza, wakipeana tena. Hakuna aliyesema mzima au amekufa, naye hakuthubutu kuuliza.

Kisha Evaristi akafungua mlango. "Mama, achia sasa. Gari tumelifunga."

Hakuweza. Mguu ulikataa kabisa, ukawa kama si wake. Mzee akainama, akaushika kwa mikono miwili, akauinua kutoka kwenye pedali. Kemilembe alifumba macho akingoja kile kilio. Hakikuja. Alipoteremka alianguka kwenye tope, na alipoinua kichwa aliona machela ya miti ikipotea kwenye kona ya njia, wanaume wanane wakienda mbio chini yake. Hakumwona mumewe. Mwanamke mmoja aliyebaki kuokota majembe alimwambia kwamba alikuwa anapumua.

Alitembea hadi kijijini kwa magongo mawili, akishikwa na mzee Evaristi. Alipofika, pikipiki zilikuwa zimeshampeleka Theoneste barabarani, na gari lilikuwa limeshampeleka hospitali. Alimkuta kesho yake mchana, amelala, mguu wa kushoto umekatwa juu ya goti.

Egbert alikuja mara moja kuwaona wodini, akasimama mlangoni na mfuko wa machungwa. Alitaka kusema mengi. Aliyosema ni kwamba alikimbia alivyoweza, na Kemilembe akamjibu kwamba anajua.

Walirudi nyumbani kabla ya Krismasi. Watu walikuja kuwapa pole, kutoka Kihanga na Rugera, na kila mmoja alimwambia Theoneste kwamba mkewe alimwokoa. Theoneste alikubali, aliwasimulia wageni jinsi mkewe alivyokaa kwa saa tano, mguu kwenye breki, akimsifu. Ila mchana mmoja, wageni wameondoka, alisema huku anaangalia nje:

"Niliona umeondoka na yule mzee wa Bukoba."

"Nilikuwa nakujibu. Kila ulipoita nilikujibu."

"Sikusikia. Nilisikia gari tu."

"Siku ile hukusikia. Lakini sasa unajua."

"Najua," alisema Theoneste. "Nimeelezwa na kila mtu. Najua vizuri." Akageuza uso kutoka nje. "Lakini nikilala, unakuwa umeondoka."

Kemilembe alifikiria kumweleza upya habari ya waya na gia, mkanda, ukingo, mpini uliochomoka. Vyote hivyo Theoneste alivijua kuliko yeye. Akasogea akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akamshika mkono, naye akauacha ushikwe. Walikaa hivyo mpaka mwanamke wa jirani akabisha hodi kuuliza kama kuna gari la kwenda Omurushaka. Kemilembe akamjibu kwamba hakuna, bila kuuachia ule mkono.