Mabango ya Kisima cha Kiseke

Asubuhi ya Jumatatu Teodora alipofika kisimani Kiseke na ndoo zake, alikuta bango la idara ya maji limetoa majani. Lilikuwa bango la kawaida, la chuma, lililochomelewa mjini na kupakwa rangi ya bluu. Majani yalikuwa mabichi, yananukia rangi. Aliweka ndoo chini ya mdomo wa pampu, akasukuma mpini, maji yakatoka machache kuliko ya jana.

Kisima hicho walikichimba akina mama wenyewe, mwaka ule kipindupindu kilipomchukua Mihayo, mtoto wa kwanza wa Teodora, aliyekunywa maji ya ziwa kwa kuwa hayakuwepo mengine. Mpaka leo watu humwita Mama Mihayo. Walipomaliza kuchimba ndipo wakubwa wakaja. Serikali ilikuwa imesema haiwezi tena kufanya kila kitu peke yake, kwa hiyo walikuja wengi: huyu na saruji, yule na pampu, mwingine na semina, na mmoja alikuja kukata utepe tu. Kila mmoja alisimika bango lake. Waliochimba hawakuwa na bango.

Kufikia Ijumaa mabango yote yalikuwa yamechipua. Mizizi ilishuka kisimani, ikanywa. Wanawake walileta mapanga, yakapinda. Pampu ikawa inakohoa hewa tupu, na ndoo zikaanza tena kwenda ziwani. Teodora alimchemshia maji Selina, mtoto aliyebaki, mpaka kuni zikaisha.

Alikwenda mjini, akazungushwa ofisi kwa ofisi. Idara ya maji ilisema mizizi ni shughuli ya misitu. Watu wa misitu wakasema chuma si mti. Shirika lililotoa pampu lilisema bango lao linakunywa kidogo sana, linalofakamia ni la jirani. Kung'oa hata moja kulihitaji wadau wote wakubali, na wadau hawakuwa wamekutana tangu siku ya utepe.

Mwishowe walikutana, palepale kisimani, kwa kuwa kivuli kilikuwa kizuri. Soda zililetwa. Mratibu wao, kijana aliyeitwa Venant, alimwamkia kwa adabu.

"Shikamoo, Mama Mihayo."

"Marahaba. Ng'oeni hivyo vyuma vyenu. Watoto wanakunywa maji ya ziwani."

"Tumekusikia, mama. Ila ukiangalia vizuri, ushirikiano wetu umestawi. Wafadhili wakikuta pamekatwa, watatuelewaje?"

"Na mimi nikizika tena, niwaelewe vipi?"

Hilo nalo Venant aliliandika, chini ya mengineyo. Kisha wakaazimia kwamba mabango yamwagiliwe kila jioni yasije yakakauka. Kazi wakapewa akina mama, kama mchango wa wananchi, na maji yachotwe ziwani. Asiyemwagilia angeondolewa kwenye mradi. Teodora alichota. Akamwagilia vyuma huku akiwatukana kimoyomoyo, mmoja mmoja, kwa majina yao yaliyoandikwa pale juu.

Siku ya soko Selina alianza kuharisha na kutapika. Zahanati ilikuwa imejaa, ikahamishia wagonjwa kwenye kivuli cha mabango, jambo lililosifiwa sana kuwa mfano wa idara kufanya kazi pamoja. Teodora akatandika mkeka. Alfajiri majani yalianza kudondosha matone, maji safi, ya baridi. Aliyaonja, akayajua: yalikuwa ya kisima. Akamlaza mtoto chini ya majani, tone likimwingia mdomoni baada ya tone. Kulipokucha Selina alifumbua macho, akaomba zaidi.

Venant na wenzake walifika, wakayapiga picha matone. Walibishana kidogo ni ya nani, kisha wakaafikiana kusimika bango moja la pamoja. Shimo wakaanza kulichimba papo hapo.

"Mama, tunaomba usogeze mkeka kidogo."

Alisogeza. Kule aliposogea hapakuwa na majani juu. Selina alifungua mdomo, akangoja.