Vidole vya Mama Rosa

Hasifa Lemi alirudi Arua, Uganda, akiwa daktari wa mikono. Alikuwa ameshakuwa mpasuaji kabla ya kwenda India, lakini huko alisomea mkono tu, kuanzia begani hadi ncha za vidole. Mjomba wake alimuuliza kama kweli mkono unahitaji masomo marefu hivyo. Hasifa alicheka tu. Angemweleza vipi miezi aliyoinama juu ya darubini, akishona mishipa ya miguu ya kuku kwa uzi mwembamba kuliko unywele?

Katika wiki zake za kwanza aliletewa mama mmoja kutoka Koboko. Upepo uling'oa paa la jiko lake, akalidaka bati kwa kiganja, likamkata. Zahanati ilimshona ngozi, lakini kidole cha kati na cha pete havikukunjika tena. Hasifa alikuwa amekiinamia kile kiganja mama aliposema, "Wewe si mtoto ya Sajini Lemi?"

Akainua uso. Alikuwa Rosa Kiden, jirani yao wa zamani huko Koboko.

Zamani hizo baba yake Hasifa alikuwa jeshini, mbali, na mama yake aliugua mara kwa mara. Rosa ndiye aliyemwogesha na kumsuka. Jumapili akitoka kanisani alitandika mkeka nyuma ya nyumba, akamkalisha mtoto katikati ya magoti yake, akampaka mafuta ya simsim kichwani. Malori ya kwenda mpakani Oraba yalipita, vumbi likitua juu yao wote wawili, naye Rosa akiimba kwa Kikakwa bila kujali. Kisha Hasifa akapelekwa shule ya bweni Mvara. Mama yake alipofariki, baba akahama, na wakapoteana na Rosa.

Kesho yake wakaingia chumba cha upasuaji. Hasifa hakumlaza usingizi. Alimtia ganzi mkononi tu, ili aweze kukunja vidole akiambiwa. Kano zilizokatika zilikuwa zimejivuta ndani, ikabidi azitafute karibu na kifundo cha mkono. Nyuma ya pazia Rosa aliendelea kuzungumza, akitaja watu wa mtaa wao, nani yuko hai, nani alihamia Yumbe. Halafu akamtaja mama yake Hasifa.

"Siku ile wewe nakwenda Mvara, yeye nacheka mbele yako," alisema. "Gari napotea, anaingia jikoni yangu analia mpaka jioni. Anasema, Rosa, nani atasuka yeye huko?"

Hasifa aliinua sindano kutoka kwenye jeraha, akasubiri. Miaka yote alikuwa ameamini kwamba mama yake alifurahi kumwona akiondoka. Muuguzi akamfuta macho kwa kitambaa, naye Hasifa akaendelea kushona.

"Mama, kunja vidole sasa. Polepole."

Vidole vikakunjika, vyote viwili.

"Iko inatembea," Rosa alisema kwa sauti ya chini.

Alikaa wiki nyingi mkono ukiwa umefungwa kwenye kibao, akifanya mazoezi aliyofundishwa. Kidole cha kati kilipona kabisa. Cha pete kilibaki kigumu kwenye ncha, na Hasifa alimwambia wazi kwamba huenda kitabaki hivyo. Rosa alijibu kwamba kinamtosha.

Mvua zilipokatika, Hasifa alikwenda Koboko kumtazama. Nyumba yao ya zamani haikuwepo tena. Mahali pake palikuwa na ofisi ya watu wa kutoa mizigo mpakani, na pale walipokuwa wakitandika mkeka paliegeshwa lori. Alisimama hapo kidogo, kisha akamwomba Rosa ampeleke makaburini.

Kaburi la mama yake lilikuwa limefunikwa na majani. Rosa akainama, akayashika kwa mkono ule ulioshonwa, akaanza kung'oa. Hasifa alitaka kumwambia apumzike, lakini akapiga magoti upande wa pili wa kaburi, na wakang'oa pamoja.