Mwenye Nyumba Nne

Siku nyumba ya marehemu baba yao ilipouzwa, watoto wanne walikutana kwa mara ya mwisho sebuleni mwake. Viti vilikwisha kuhamishwa, kwa hiyo walisimama. Aliyesema ni mkubwa wao, Mwalimu, maana mtu aliyezoea ubao haoni watu wamesimama kimya akajizuia. Alimshika bega baba mdogo, ndugu wa marehemu, ambaye kwa miaka thelathini na mmoja alikaa chumba cha uani cha nyumba hiyo akitengeneza vyerehani vya mji mzima.

"Baba mdogo, usije ukasema umepoteza chumba," alimwambia. "Kimeondoka chumba kimoja, zimekuja nyumba nne. Kwangu ni kwako, kwa Nesi ni kwako, kwa Fundi ni kwako, kwa Kitinda ni kwako. Nani mwingine mjini hapa ana nyumba nne?"

Wakacheka, na mzee mwenyewe akacheka. Tangu siku hiyo wakamwita Mwenye Nyumba Nne, na jina likawanogea wote, kwa sababu kila walipolitaja walijisikia watu wema. Karatasi za mirathi zilikuwa upande wao: mali ni ya watoto, ndugu wa marehemu hana fungu. Mtu anaweza kuwa na haki yake mkononi na bado akatenda ubaya, lakini hilo halikuzungumzwa sebuleni.

Anayetuhusu zaidi hapa ni Fundi, binti wa tatu kuzaliwa, mshonaji wa sare za shule. Baba mdogo ndiye aliyemfundisha kutunga uzi kwenye sindano kabla hajajua kusoma. Ndiye aliyemtafutia cherehani yake ya kwanza, akaifungua yote, akaisafisha kila jino na kuifunga upya, akamkabidhi siku anaolewa. Watu walimpa sufuria na mashuka, yeye akampa kazi.

Zamu zikaanza. Kwa Mwalimu mzee alilala kwenye kochi la sebuleni, ikabidi kila siku angoje mpaka mtu wa mwisho achoke na televisheni ndipo naye apate pa kujinyoosha. Kwa Nesi, wa zahanati ya mtaani, alipewa chumba cha watoto, na watoto wakalalamika kwamba babu ananuka mafuta ya mashine. Kwa Kitinda, muuza simu, alilala stoo katikati ya maboksi, na kila wiki akaahidiwa simu mpya badala ya ile yake iliyokuwa ikizima hovyo. Kwa Fundi alitandikiwa chumba cha mbele, kando ya meza ya kushonea.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu hakungoja kupewa. Alifika na kisanduku chake cha spana, na kesho yake alikuwa amepiga goti mbele ya kitasa, bomba au mguu wa meza. Wenye nyumba walifurahi. Tatizo ni kwamba aliijua kazi yake mno. Baada ya wiki mbili hapakuwa na kitu kibovu ndani ya nyumba, na mtu asiye na cha kutengeneza huanza kuonekana. Hapo ndipo mwenye nyumba humwuliza, kwa sauti ya upole kabisa, kama hajawakumbuka wale wengine.

Naye hakuwa mtu wa kung'ang'ania mahali. Akiulizwa hivyo asubuhi, mchana alikuwa ameshafunga begi.

Mwaka ukapita hivyo, na miezi kadhaa juu yake. Kisha, wiki mbili kabla ya shule kufunguliwa, cherehani ya Fundi ikaanza kuruka mishono. Alibadilisha sindano, akabadilisha uzi, akaita fundi wa barabarani aliyeipiga nyundo na kuizidishia ugonjwa. Sketi arobaini zilikuwa zimekatwa, zimelala mezani. Nasema jambo lilivyokuwa, hata kama halipendezi: hakumkumbuka baba mdogo kwa mapenzi. Alimkumbuka kwa sababu cherehani ilikuwa inaruka.

Simu ya mzee haikupatikana. Akampigia Mwalimu.

"Si yuko kwa Nesi?" kaka yake akasema. "Huku aliondoka zamani."

Akampigia Nesi.

"Kwangu? Huyu aliniaga anakwenda kwa Kitinda, dada. Tena nikamfungia na shuka."

Akampigia Kitinda, naye akajibu akiwa na mteja, akitafuna maneno: "Mzee yuko kwako, dada. Aliondoka hapa anakuja kwako. Jumamosi ile ya mvua kubwa. Kwani vipi?"

Fundi akaketi. Tangu Jumamosi ile ya mvua kubwa zilikuwa zimepita wiki saba.

Ni kweli alikuja. Alisimama mlangoni na begi mkono huu, kisanduku mkono huu, mabega yamelowa, akasema, "Nipo kwenu kidogo, mwanangu." Na Fundi, ambaye juzi yake tu mumewe alikuwa amemwambia kwamba nyumba hii si stesheni, alibaki ameshika mlango, hakuufungua wala hakuufunga. Akamwambia wiki hii vitambaa vimejaa mpaka chumbani, hebu aanzie kwa Mwalimu. Akamletea maji. Mzee aliyanywa pale pale amesimama, akarudisha glasi, akashukuru, akaondoka. Fundi aliona afueni. Hata hakupiga simu kwa Mwalimu kuuliza kama amefika, maana kuuliza kama mzee amefika ni kumpa mwenzako nafasi ya kusema mchukue wewe. Wote wanne walikuwa wanaujua ujanja huo, na wote waliutumia. Ndiyo maana kwa wiki saba mzee alikuwa kwa kila mtu, na hakuwa kwa yeyote.

Jioni ile grupu la familia likawaka moto. Mwalimu aliandika kwa herufi kubwa akitaka kujua huu ni uzembe wa nani. Nesi alieleza kirefu kuhusu shuka. Kitinda alituma mikono ya kuomba, mara tatu, kisha akaandika: "Dada Fundi, alikuja kwako au hakuja?" Fundi aliutazama ujumbe huo mpaka kioo cha simu kikazima. Mwishowe Mwalimu akaamua kwamba Jumapili wakutane wakae kikao. Hakuna aliyeandika kwamba anatoka sasa hivi kwenda kumtafuta.

Alikwenda Fundi, kesho yake, Ijumaa. Alichomoa kwenye cherehani kile kikombe cha chuma kinachobeba bobini, kigurudumu cha uzi wa chini, akakifunga kwenye leso, akaingia mtaa wa washonaji, ambako vyerehani hupangwa barazani mwa maduka. Alipouliza, mshonaji mmoja mnene akavuta miwani yake chini.

"Babu Bobini? Kila asubuhi yuko hapa, anatufanyia kazi. Leo kawahi kuondoka. Saa hizi amekwenda hospitali kubwa. Ana wagonjwa, maskini."

"Wagonjwa gani?"

"Hatujamwuliza sana. Mtu mwenye mgonjwa humchokonoi."

Fundi akaenda hospitali. Ilikuwa saa ya kutazama wagonjwa, geti liko wazi, watu wanaingia na vyakula. Mlinzi, mwanamume wa makamo aliyevaa kofia iliyochakaa ukingo, alimsimamisha.

"Mgonjwa wako yuko wodi gani, mama?"

"Namtafuta mzee mmoja. Fundi wa vyerehani. Ana kisanduku."

Mlinzi akamtazama vizuri, kuanzia juu mpaka viatuni.

"Yule anayeuguza wanne? Yuko ukumbi wa kungojea, benchi la mwisho. Wewe ni nani wake?"

"Mtoto wa kaka yake."

"Basi nikwambie, kama wewe ni mtu wake kweli." Akamvuta pembeni, akashusha sauti. "Humu ndugu wa mgonjwa wanaruhusiwa kulala ukumbini. Alipokuja nilimwuliza, mzee, unauguza nani? Akasema watoto wa kaka yangu, wanne, wote hawajiwezi. Nikamwuliza wodi gani, akasema hawajapewa kitanda. Nikajua hapo pana jambo. Lakini mtu mzima akikudanganya kwa adabu namna ile, utamfukuza kwa roho gani? Mama wa usafi anampa maboksi ya kulalia. Kila asubuhi namwuliza, wagonjwa wanaendeleaje? Ananijibu, bado, hawajapata nafuu."

Fundi hakuweza kumtazama usoni.

"Sasa Jumatatu inaanza amri mpya," mlinzi akaendelea. "Kila anayelala humu aonyeshe kadi ya mgonjwa, hana kadi, nje. Na nje ni hapo barabarani. Mimi nimefika mwisho wa uwezo wangu, mama. Nina kibarua changu na mimi."

Ukumbi ulikuwa mrefu, umejaa chupa za chai, mikeka iliyokunjwa na watu waliochoka. Baba mdogo alikuwa amechutama karibu na benchi la mwisho, amepindua kigari cha kusukumia wagonjwa, anakaza gurudumu. Shati lake lilikuwa safi, kola imeanza kutatuka. Amekonda, na hilo Fundi aliliona kwanza shingoni.

"Shikamoo, baba mdogo."

Mzee akageuka, na badala ya kuitikia akashtuka, akasimama haraka huku ameshika kiuno. "Nani anaumwa? Mumeo? Watoto?"

"Hakuna anayeumwa."

"Hakika?"

"Hakika, baba mdogo."

"Basi marahaba, mwanangu. Marahaba. Keti."

Aliona haya, Fundi, akaona haya mpaka masikio yakamvuma. Akafungua leso. Mzee akakichukua kile kikombe, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akakichezesha kwa ukucha.

"Kimeangushwa hiki. Na kuna mtu kakigonga nyundo, Mungu amsamehe." Akatoa tupa ndogo kisandukuni, akaanza kukisugua taratibu, anapuliza, anasugua tena. Fundi akatazama mikono ile. Maneno yakamtoka yenyewe.

"Siku ile ulipokuja kwangu nilisema nyumba imejaa. Haikuwa imejaa."

"Ulikuwa na kazi nyingi."

"Sikuwa na kazi nyingi. Nafasi ilikuwapo. Nilikufukuza, baba mdogo, na nilijua nakufukuza."

Tupa ikasimama.

"Umewaambia wenzako?"

"Bado."

"Usiwaambie. Watakusakama wewe mmoja, halafu wao walale usingizi." Akarudi kwenye kikombe chake. "Hukunifukuza peke yako. Mtu mmoja hana nguvu ya kumkosesha mtu pa kulala. Mpaka wasaidiane."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomwumiza Fundi. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa leso ileile yenye mafuta ya mashine. Jirani wa benchini, mwanamke aliyekuwa akichambua nguo za mgonjwa wake, akamwambia pole, akidhani amefiwa.

"Jumatatu wanaanza kudai kadi," Fundi akasema. "Mlinzi kaniambia. Twende nyumbani, baba mdogo. Sasa hivi. Mimi nitabeba begi."

Mzee akaweka tupa kisandukuni. Akamfutia kikombe kwa pindo la shati, akamkabidhi. Kisha akamwuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa:

"Kwa siku ngapi?"

Jibu lilikuwa neno moja, na Fundi alilijua. Lilikuwa kinywani. Lakini kabla halijatoka alimwona akilini mumewe, mlangoni kwao, na lile neno lake la stesheni. Akaona chumba cha mbele na sketi arobaini. Akaona Mwalimu, Nesi na Kitinda wakishusha pumzi, kila mmoja kwake, mzigo umepata mbebaji. Yote hayo hayakuchukua muda hata wa kupepesa macho mara mbili.

"Mpaka Jumapili kwanza," akasema. "Tutakaa kikao."

Baba mdogo alikuwa ameinamisha kichwa upande, kama anavyofanya akisikiliza mashine inayokanyagwa na mtu mwingine. Maisha yake yote alikuwa akisikia ubovu kwa sikio kabla ya kufungua kitu. Akatikisa kichwa taratibu, akakubali.

"Kikao," akasema. "Sawa, mwanangu. Nenda ukashone, watoto wasikose sare. Kikao chenu kikiisha mtaniambia."

"Baba mdogo, sikuwa na maana hiyo."

"Najua hukuwa nayo."

Kengele ikalia. Mlinzi akapita katikati ya mabenchi akipiga makofi, saa ya kutazama wagonjwa imekwisha, wageni wote nje, wabaki wanaouguza tu. Watu wakaanza kuinuka. Baba mdogo alikuwa ameshapiga goti tena, mkono umeingia kwenye gurudumu. Fundi aliita mara moja, kwa sauti ya chini, lakini kigari kilikuwa kinapiga kelele na mzee hakugeuka, au hakutaka kugeuka.

Mlinzi akamshika kiwiko, kwa heshima, akamsindikiza mpaka nje pamoja na wageni wengine. Geti likafungwa nyuma yake. Akasimama palepale na kikombe cha bobini mkononi, kimenyooka sawasawa, mishono haitaruka tena. Watu wakampita wakienda makwao.

"Zote," akasema, akiliambia geti. "Siku zote, baba mdogo."

Mlinzi alidhani anaongea na simu, akamwomba asogee kidogo, gari la wagonjwa lilikuwa linataka kupita.