Mzee Spana na Vidonge vya Mkwe

Mzee Spana alitengeneza magari ya watu mpaka mgongo ukagoma, na hakuwahi kuliamini gari hata lililozimwa, sembuse mwanadamu. Ndiyo maana alipoanza kuona kizunguzungu kila asubuhi, na siku moja akaanguka mlangoni pa bafu, hakumtafuta mchawi mbali. Nani aliyemletea vidonge na maji? Mkwewe, mke wa mwanawe. Nani aliyewahi kusema chumba cha mzee kingewafaa watoto? Huyohuyo.

Akampigia simu dada yake, akanong'ona, "Huyu mwanamke ananimaliza polepole." Tangu hapo dada mtu akija kumwona, hata maji ya nyumba ile hagusi.

Basi mkwe alipoiegemeza simu kwenye chupa ya chai na kusema, "Baba, mfamasia wa hospitali anataka kuziona dawa zako," mzee akajiambia: sasa wamekuwa wawili.

Kwenye kioo cha simu akatokea mama wa makamo mwenye miwani.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Nitajuaje kama wewe si tapeli?"

"Umeuliza la maana. Kata simu, piga mwenyewe hospitalini, uniulizie."

Akakata, akapiga, mapokezi wakamthibitishia. Mfamasia alipopiga tena, mzee alikuwa amekaa wima, ila uso bado umekunjwa.

"Mkwe abaki au atoke?" mfamasia aliuliza.

"Atoke. Na mlango aufunge."

Mlango ulipofungwa, mzee akaisogelea simu. "Ananiwekea sumu."

Mfamasia hakucheka wala hakushtuka. "Nionyeshe kila unachomeza. Hata usichomwonyesha mtu."

Mzee akasita. Kisha akainama, akatoa uvunguni kopo la dawa alizokuwa akichukua kwenye zahanati ya zamani. Hizo ndizo alizoziamini. Za mkwe alizimeza kwa woga, za kopo alizimeza kama kinga.

"Geuza boksi la mkwe. Chini ya jina kubwa pana jina dogo, nisomee. Sasa soma la kopo."

Alisoma. Akarudia, miwani puani. Jina dogo lilikuwa lilelile.

"Kampuni mbili, dawa moja ya presha," alisema mfamasia. "Unaimeza mara mbili, mzee wangu. Nadhani ndiyo inayokuangusha. Za kopo acha leo, nyingine usizibadilishe mpaka niongee na daktari wako. Kipimo cha presha kipo?"

Kilikuwepo, ila aliyejua kukifunga ni mkwe. Ikabidi aitwe.

Aliingia macho mekundu. Kuta za nyumba ile zilikuwa nyembamba. Akamviringishia kitambaa mkononi taratibu, kama kawaida yake.

"Sumu, baba?"

Mzee alitazama sakafu. Kipimo kikalia, presha ilikuwa imeshuka mno.

"Nisamehe, mwanangu," alisema hatimaye.

"Mimi nimekusamehe. Shangazi asiyegusa hata maji yangu je?"

Wiki ile daktari alipanga dawa upya, na kizunguzungu kikapungua. Mzee akampigia dada yake, mkwe akiwa kando anakunja nguo.

"Dada, nilimsingizia mtoto wa watu. Kosa lilikuwa langu."

Dada akashusha sauti: "Yuko hapo karibu? Amekulazimisha useme hivyo?"