Bibi Sindano Aliposhuka Kisimani

Tulipomzika bibi yetu, msemaji wa familia alisoma maisha yake: alivyofiwa na mume akiwa na mtoto mgongoni, alivyosomesha watoto kwa jembe la mkono, wajukuu na vitukuu aliowaacha. Yote kweli. Lakini la kisimani alilipitia juu juu, maana wajomba zangu wawili walikuwa wamekaa mbele yake. Mimi, mjukuu wake mkubwa, nililiona kwa macho yangu.

Kijiji kizima kilimwita Bibi Sindano. Alikuwa mwembamba, na ulimi wake ulichoma.

Mjomba mkubwa, fundi mwashi, na mjomba mdogo, dereva wa trekta, hawakuwa wakisemezana tangu wagawane shamba. Mpakani palikuwa na kisima kikavu kilichofunikwa kwa mbao. Kila msimu Bibi alipiga kelele: "Zibeni lile shimo!" Kila mmoja alidai liko upande wa mwenzake.

Adhuhuri moja mbao zikavunjika, na binti wa mjomba mdogo akatumbukia.

Tulifika tukihema. Kutoka chini kulisikika kilio chembamba, udongo ukaporomoka, kisha kimya. Mjomba mdogo alikwisha kuvua shati. Bibi akamshika mkono.

"Ukiingia na mabega hayo utamfukia mwanao."

"Sasa nikae nitazame, mama?"

"Nifungeni kamba mimi."

Mjomba mkubwa akadakia. "Mama, kwa umri huo? Unataka tuzike wawili?"

"Nimezaa wanaume wawili wakashindwa kuziba shimo moja. Funga kamba, mwanangu. Au mwashi hujui fundo?"

Wakamfunga chini ya makwapa, wakashika kamba, mkubwa mbele, mdogo nyuma yake. Mimi nililala kifudifudi nikimulika kwa tochi. Nywele zake nyeupe zilizidi kuwa ndogo, na kila alipogusa ukuta, udongo ulimwagika.

"Polepole!" mjomba mdogo akafoka.

"Wewe ndiye unayelegeza!"

"Wanangu," sauti ya Bibi ikapanda toka chini, tulivu kabisa, "mkitaka kugombana, kwanza nitoeni."

Wakaendelea kuteremsha kamba. Jasho lilimtiririka mjomba mkubwa hadi kwenye kope, hana mkono wa kulifuta.

Kamba ikalegea; alikuwa amefika chini. Nilimsikia Bibi akimbembeleza mtoto, kama alivyotubembeleza sote, huku akiondoa ubao uliombana mguu. Nikamulika vizuri. Alikuwa ameifungua kamba mwilini mwake, anamfunga mtoto.

"Bibi, usiifungue kamba!"

"Ndiyo nimeshaifungua. Vuteni!"

Wakavuta. Mtoto akatoka mweupe kwa vumbi, mguu umevimba, akilia. Hatujawahi kufurahia kilio namna ile. Mama yake akampokea, na papo hapo upande mmoja wa ukuta ukaanguka kwa kishindo.

Vumbi likapanda. Tochi yangu haikuonyesha kitu.

"Mama!" waliita wote wawili, sauti moja.

"Mama!"

Kikohozi. "Nimefukiwa mpaka kiunoni. Nitupieni kamba, acheni kelele."

Tuliiteremsha. Ilichukua muda mrefu. Nilimsikia akiparura udongo, akipumzika, akiparura tena. Mjomba mdogo alipiga magoti akilia waziwazi, na mjomba mkubwa akamwambia, bila kumtazama, "Inuka, ndugu yangu. Shika. Peke yangu siwezi."

Walimvuta wakiwa wamegusana bega kwa bega. Alipotokeza, kamba ilikuwa imemchana ngozi na mkono wake wa kushoto ulining'inia. Tukamlaza kivulini. Aliomba maji, akanywa, akawatazama wanawe.

"Sasa leteni makoleo. Na mimi siondoki hapa mpaka lijae."

Akabaki pale, mkono umefungwa kwa kanga, akikataa kupelekwa zahanati, huku wajomba wakijaza udongo hadi jua likashuka. Jioni ile hawakusemezana tena. Lakini kesho yake asubuhi nilimsikia mjomba mkubwa akibisha hodi kwa mdogo wake, akiuliza mtoto ameamkaje. Kisha mlango ukafunguliwa, na mjomba mdogo akasema, "Pita, kaka. Ameamka anakula."