Funda la Maji

Cyrus alikuwa amefundisha fizikia kule Meru miaka mingi, na ugonjwa wake wa darasani aliusafirisha mzima mzima hadi Minnesota. Hakuwa akimaliza sentensi. Aliikata neno likiwa nusu, akapandisha sauti, akangoja darasa limalizie. "Maji yakiganda huwa ba..." Kule Meru watoto wangeitikia "...rafu!" mpaka madirisha yatetemeke. Hapa Brooklyn Park wanafunzi wa sekondari walimkodolea macho wakidhani amepatwa na kiharusi. Mmoja alimwuliza kwa upole kama aitiwe nesi.

Msimcheke sana, mazoea yana taabu. Waliponyamaza, aliitikia mwenyewe na kuendelea, na kipindi kikaisha yeye akiwa mwalimu na mwanafunzi pia.

Bi. Peterson, mkuu wa shule, mama mpole asiyetaniwa, alikitazama kipindi kimoja, kisha akamwambia wazi kwamba shule yake inamweka mwanafunzi katikati. Angerudi Alhamisi kumtazama tena. Wanafunzi wakizungumza, mkataba utaendelea. Akizungumza yeye, wataagana mwezi wa sita.

"Yaani wananitaka ninyamaze," Cyrus alimlalamikia mkewe jioni. "Mwalimu!"

Nkirote, nesi katika nyumba ya wazee, alikuwa ndiyo kwanza avue viatu vya kazi. "Baba Lenny, wacha jokes. Wewe hata church unamfinishia pastor sentensi. Weka maji mdomoni. Ukijaribu kuongea, utajimwagia shati."

"Na mkuu akiniuliza swali?"

"Nyoosha tu kidole, u-point mwanafunzi mmoja ajibu. Si wao ndio wako katikati?"

Cyrus aliona huo ni upuuzi mtupu. Alhamisi asubuhi aliondoka na chupa ya maji.

Aliandika ubaoni: Kwa nini barafu ya ziwani huelea? Akawagawa wanafunzi katika vikundi. Bi. Peterson alipoketi nyuma, Cyrus akapiga funda moja kubwa la maji, mashavu yakamjaa.

Kikundi cha dirishani kikakata shauri kwamba barafu husukumwa juu na samaki. Jibu sahihi likampanda Cyrus kooni, akashika meza kwa mikono miwili. Maisha yake yote hakuwahi kumwachia samaki wa namna hiyo apite.

Bi. Peterson akamsogelea. "Lengo la somo ni lipi?"

Cyrus akanyoosha kidole. Kidole kikamwangukia Héritière, msichana wa familia iliyotoka Goma, ambaye tangu Septemba hakuwa ametamka neno darasani. Nimekwisha, Cyrus akawaza.

Héritière alitazama kushoto na kulia. "Tunatafuta kwa nini barafu inaelea," alisema polepole, "na si samaki." Januari baba yake alisahau soda ndani ya gari. Asubuhi walikuta makopo yamepasuka, soda imeganda hadi kwenye usukani. "Maji yakiganda yanataka nafasi zaidi. Uzito ni ule ule."

"Sasa hiyo inaeleaje?" akabisha mvulana wa samaki.

Darasa likawaka. Viti viligeuzwa, kila kikundi na hoja yake, na Héritière akaenda ubaoni kuchora bila kutumwa na mtu.

Mchoro ulikuwa na mstari mmoja uliokwenda upogo. Cyrus alitaka kuurekebisha, na hapo ndipo alipogundua kwamba maji alikuwa ameshayameza kitambo. Hakukuwa na kitu cha kumzuia. Alinyamaza hivyo hivyo, na kimya hicho kilimuuma, kwa sababu msichana yule angeweza kusema tangu Septemba kama yeye angefunga mdomo.

Kengele ilipolia, Bi. Peterson alimpa mkono. "Mkataba nitausaini leo. Ila nina ombi. Sijaona mwalimu anayejua kunyamaza namna hii. Jumatatu walimu wote watakuwa ukumbini. Uje uwaeleze unavyofanya."

"Kwa muda gani?"

"Saa moja itakutosha?"

Cyrus akawaona akilini walimu wote wameketi kimya, macho yao kwake.

"Tuseme masaa mawili," alisema.